Mgeni Hasogezwi

Jumamosi, 7 Septemba
Mtaa mzima umekubali: Ganpati mzuri kuliko wote mwaka huu ni wangu!

Sawa. Mtaa haujasema kitu. Nilisema mimi, kwa kinyozi, naye hakusikia. Ukweli ni kwamba sanamu yangu ya huyu Mungu wetu mwenye kichwa cha tembo inafika gotini. Ya Khot, jirani wa ng'ambo, inafika kifuani, na mkonga wake kama bomba la mvua.

Pandit Apte, kuhani wetu, alianzia kwa Khot. Kwangu alifika tayari ameshiba. Akasoma mantra, dua zake za kale, akaugusa udongo kifuani, akamwalika Mungu aingie. Akaonya kama kila mwaka: sasa si udongo tena, ni mgeni, asisogezwe hata unywele mpaka siku ya tano, tutakapomuaga na kumzamisha mtoni. Nikamuuliza, mimi niliyeishia darasa la nne: aliyeijaza dunia na ya juu yake anaeneaje kwenye kitu cha gotini? Na papo hapo yuko kwa Khot? Akasema mtangazaji ni mmoja, yuko Mumbai. Redio zote za pwani hii ya Konkani zinasema, naye hapungui.

Jibu zuri. Ila redio ya Khot ni kubwa.

Jumapili, 8 Septemba
Msiba. Jioni mke wangu Indu amekwenda kuimba kwa Khot! Sauti kama ya Indu hakuna mtaani. Miaka thelathini na tisa anaimba mbele ya taa yangu. Sasa Khot ana kinanda kutoka Pune. Nimeimba peke yangu. Kunguru wa paani akahama.

Aliporudi nikamwomba jambo moja tu: Jumatano, siku ya kumuaga mgeni, aimbe hapa. Akasema kwangu haji mtu. "Niwaimbie kuta, Baba Nilu?"

Basi. Ni watu tu wanaotakiwa. Watu nitawapata.

Jumatatu, 9 Septemba
Mpango safi. Ganpati wangu amekaa pembeni, gizani. Wageni wa Khot wote wanapita dirishani kwangu. Akikaa dirishani, watamwona. Indu akaingia kuoga. Nikasukuma kigoda. Shibiri moja na nusu, si zaidi.

Loo! Wanawake wawili wakasimama hapo hapo, wakaunganisha viganja kumsalimu! Mmoja akasema ana macho ya huruma. Nikajibu, anafanana na mwenye nyumba.

Indu akatoka bafuni. Ukelele wake ulifika mtoni. Nimefanya nini? Kumsogeza ndiyo alama ya kumwambia kwaheri! Hata watoto wanajua! (Nami nilijua. Wivu ulisahau.) Pandit Apte akaitwa. Akakuna kichwa, akapima kwa vidole, akasema mwenye mbingu hakuumia, ila ameshaagwa. Kilichobaki ni udongo. Nikauliza amekwenda wapi.

"Kwa Khot," akadakia Indu. "Kuna kinanda."

Jumanne, 10 Septemba
Mtaa unacheka mpaka mbwa. Khot kaja mwenyewe na sahani ya modaki, vile vitamutamu vya mvuke anavyopenda Ganpati, nazi na sukari guru tele ndani, eti kunifariji. "Mzee Sada, mgeni wako kafika salama. Anauliza kama alisahau mzigo." Ningemtupia sahani. Nikala kwanza. Tisa. Ni tamu, mshenzi yule!

Nikamwendea Pandit amwite tena. Akasema anaitika kila akiitwa. Lini? Mwakani. Indu hasemi nami. Kuhusu kesho sikuthubutu kumuuliza.

Jumatano, 11 Septemba
Mtaa wote mtoni. Khot na wanaume sita chini ya Ganpati wake. Mimi na udongo wangu mtupu kichwani, nyuma kabisa, nyuma hata ya muuza karanga. Kinanda kikaanza. Nikamtafuta Indu karibu na kinanda. Hayupo. Yuko kando yangu! Amewasha taa mbele ya kisanamu changu, anaimba.

Nikamnong'oneza kwamba humo hamna mtu. Akasema, "Aliyeijaza dunia ashindwe na kidude chako kwa dakika tano? Nyamaza, Baba Nilu."

Macho yakanichuruzika; ni moshi wa taa. Watu wakatugeukia, mmoja mmoja. Kinanda kikakoma. Khot mwenyewe akaja, akasimama, akalia waziwazi.

Alilia kuliko mimi! Mke wangu, taa yangu, na machozi mengi yawe yake?

Alhamisi, 12 Septemba
Nimetoka kwa seremala. Mwakani: Ganpati wa kufika shingoni, na kigoda chenye magurudumu manne. Kikiviringika kigoda, naye ametulia juu yake, nani kamsogeza? Nimemuuliza Pandit Apte. Amefunga mlango.

Na wewe, Mwenye Mkonga, popote ulipo, yaani kila mahali: wengine walikuweka kazini siku tano, mimi nilikupa likizo siku ya tatu. Wema hauozi. Mwakani ukishuka, anzia kwangu. Hata dakika tano tu kabla ya Khot. Na kile kinanda chake, kitufe cha katikati, kile kimoja tu, kikwame kidogo.