Oili Isiyozeeka

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe katoa tangazo. Macho yamemchoka, haendeshi tena. Lile gari lake jeupe, analolifuta vumbi kama anayemfuta mtoto makamasi, litakwenda kwa mmoja wa wakwe zake. Wakwe wenyewe tupo wawili: mimi, na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Yeye ni mtu wa bima. Hukata kucha kwa kalenda. Moyoni namwita Bwana Ratiba.

Sharti ni moja tu. Jumapili tupeleke magari yetu uani kwake ayakague. Anayetunza injini vizuri, ndiye atakayepewa lake, na ndiye atakayekuwa anampeleka kliniki ya macho. Ataanza na oili, kasema.

Mama mkwe ni muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi. Hukagua kila kitu kana kwamba kimezaliwa asubuhi ya leo.

Nimerudi nyumbani nikijikumbusha lini mara ya mwisho nilibadilisha oili. Nimekumbuka! Ni mwaka ule tulipopaka sebule rangi ya kijani.

Sebule sasa ni ya bluu. Na katikati hapo iliwahi kuwa ya njano.

Sina wasiwasi. Niliweka oili ya sinthetiki. Muuzaji aliniambia kwa kinywa chake kwamba hiyo inadumu. Neno "inadumu" lina maana yake. Sikumuuliza inadumu mpaka lini, kwa sababu sipendi kumchosha mtu aliye kazini.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita gereji kufanya uchunguzi wa siri. Nikamwambia fundi kwamba nina rafiki, ana gari, ana oili ya sinthetiki, na anataka kujua tu.

Fundi ni mtu mnene, mcheshi, hana haraka na lolote. Kasema sinthetiki ni kweli inakwenda mbali kuliko oili ya kawaida. Kilomita elfu kumi hivi kwa magari mengi, ila kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Hata gari likilala tu, mwaka usipite. Na filta itoke pamoja na oili, maana kuweka oili mpya juu ya filta chafu ni kuoga ukavaa soksi zilezile.

Nikamwambia huyo rafiki haendi mbali. Ni nyumbani kwake na dukani kwake kwa mapazia, basi. Hapo ndipo nilipotegemea kupata ahueni. Wapi! Kasema safari fupi fupi ndizo zinazochosha oili mapema, injini haipati hata nafasi ya kupata joto vizuri. Ukiongeza na vumbi, usingoje hata hizo kilomita.

Kisha kaniuliza kama rafiki yangu ndiye mwenye lile gari linalokohoa pale nje.

Nimeondoka kwa heshima zangu. Kumwachia gari siwezi. Yule fundi hana siri. Habari za gari lako humfikia mama mkwe kabla halijashushwa kwenye jeki. Ndivyo nilivyojua kwamba Bwana Ratiba ameshabadilisha oili mara nyingi mwaka huu kupita kiasi. Fundi anasema hutoka safi kama chai ya rangi, naye humwomba asijisumbue, lakini mtu hasikii.

Jumatano, 5 Machi

Nimechomoa ile stiki ya kupimia oili. Nyeusi tii! Nzito kama lami. Limedondoka tone moja likakaa pale chini likinitazama.

Lakini akili ni nywele, na mimi sijapata upara. Mama mkwe hataingia ndani ya injini. Ataona stiki. Kwa hiyo kinachotakiwa kuwa safi ni stiki, si oili. Nashangaa watu wengine hawafikirii hivi.

Mpango: kuifuta stiki ikauke, kuipaka mafuta ya rangi ya dhahabu, kuirudisha juujuu bila kuizamisha. Mafuta ya dhahabu yako jikoni, kwenye chupa kando ya jiko.

Nimefanya majaribio mbele ya mke wangu. Nikamwomba ajifanye mama yake. Kaishika stiki, kaitazama, kainusa. Kaniuliza kwa upole kwa nini injini yangu inanukia samaki.

Kumbe ndiyo mafuta aliyokaangia jana. Alicheka mpaka akakaa chini, akawa ananionyesha kwa mkono kwamba nisiondoke, bado hajamaliza.

Mpango umefutwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kama siwezi kupanda juu, mwenzangu anaweza kushuka. Nimekwenda kumsalimia Bwana Ratiba. Nimemkuta uani akilipangusa gari lake masikio. Yaani vile vioo vya pembeni.

Tumeongea mambo ya watoto kwanza. Kisha nikamdokezea, kama mtu asiyekusudia, kwamba mama mkwe anajua sana mambo ya injini, na oili ikiwa safi mno atashuku. Atadhani gari halifanyi kazi. Oili ya gari linalofanya kazi, nikamwambia, lazima iwe na rangi kidogo.

Kaacha kupangusa. Kaniuliza rangi kiasi gani. Nikamwambia kiasi cha kuonyesha utu uzima.

Usiku huu mke wangu kaniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia namkumbuka mwanyumba.

Ijumaa, 7 Machi

Uamuzi wa kiume. Nimefunga duka la mapazia, nimenunua oili ya sinthetiki na filta mpya, na kazi nimeifanya mwenyewe.

Siku ya kihistoria! Nati ya chini ilifunguka kabla sijawa tayari. Oili ilitoka kwa hasira zote za miaka hiyo. Karai lilikuwa kulia, yenyewe ikaenda kushoto, ikapitia mkono wa shati mpaka kwapani, ikamalizia sikioni. Mpaka sasa upande huo nasikia kama nimo ndani ya pipa.

Filta ya zamani iligoma kabisa. Nimeibembeleza, nimeitukana, mwishowe nimeizungushia kamba ya pazia nikavuta nikiwa nimekanyaga bampa. Ikatoka. Mimi nikatua kwenye maua ya mke wangu.

Filta mpya imeingia vizuri, japo ilikaa kwa taabu kidogo kama kofia ya mtu mwingine. Jambo moja dogo: ile ya zamani imetoka bila mpira wake wa mviringo. Nadhani kiwandani walisahau kuuweka. Watu hawafanyi kazi kwa umakini siku hizi.

Nimechomoa stiki. Dhahabu! Dhahabu tupu! Nimewaita watoto waje waone. Wameona, wamerudi kucheza.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kashauri niwashe injini kidogo, kisha nichungulie chini kama hakuna kinachovuja. Nimemweleza taratibu kwamba injini nikiiwasha oili itaanza kuchafuka, na hiyo ni ya kesho. Mtu havai suti ya harusi kwenda sokoni siku moja kabla.

Kaniambia sawa. Ile "sawa" yake sikuipenda.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kwa sababu mgongo unauma na uso sina mahali pa kuuweka.

Kutoka kwetu mpaka kwa mama mkwe ni mteremko mtupu. Basi sikuwasha injini. Nilitoa breki ya mkono, tukateremka kimya kama wezi. Usukani ulikuwa mzito kama unamgeuza fahali. Mke wangu alifumba macho njia nzima. Tuliingia uani, gari likasimama lenyewe katikati ya vigae vipya vya mama mkwe, vyeupe, vimewekwa wiki iliyopita.

Mama mkwe katoka na miwani mizito na viatu vyake vyeupe vya kazini, vile alivyostaafu navyo. Kaanza na Bwana Ratiba. Kachomoa stiki. Nyeusi! Nilijikohoza ili nisicheke. Mama mkwe kaisugua stiki kwa kidole, kakitazama kidole, kakinusa. Kisha kamuuliza:

"Baba, hili si sizi la sufuria?"

Bwana Ratiba kachanganyikiwa. Kumbe alikwangua sizi chini ya sufuria ya mkewe, akalichanganya na oili, akapaka stiki ili ionekane imekomaa! Akaninyooshea kidole. "Ni huyu, Mama. Ni mwanyumba aliniambia." Mimi wakati huo nilikuwa nachunguza mawingu.

Zamu yangu. Kachomoa, kainyanyua karibu na miwani. Kisha kasema, "Safi sana, mwanangu." Mwanangu! Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniita hivyo. Bwana Ratiba alikuwa amejiegemeza kwenye gari lake kama mgonjwa. Niliona ufunguo mkononi mwa mama mkwe. Uliona jua, ukameremeta.

Kabla hajanipa, kasema niwashe. Katoa mfukoni kile kipembe chake cha zamani cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, kakiweka juu ya injini, katega sikio. Nikawasha. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kasema mapigo ni mazuri.

Nikaona nimwonyeshe zaidi. Nikakanyaga mafuta.

Sikusikia kitu, kumbuka sikio langu. Niliona tu watu wanaruka. Mke wangu anapunga mikono. Mama mkwe anarudi nyuma hatua fupi fupi, anatazama miguu yake. Nilipozima na kushuka, ua mzima ulikuwa unang'aa. Oili yangu yote, ile ya dhahabu, ilikuwa juu ya vigae. Na viatu vya mama mkwe havikuwa vyeupe tena.

Bwana Ratiba kalala chini kuchungulia. Sijamwona akilala chini kwa furaha namna ile. Kapiga kelele kwamba kuna mipira miwili! Ule wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umeganda kwenye injini, nami nikakaza filta mpya juu yake. Miwili haishikani. Injini ikisukuma oili, inatoka yote hapo katikati.

Mama mkwe kaletewa kiti. Kakaa. Nilitegemea matusi, nikajiandaa nayo. Hakutukana. Katuangalia mmoja mmoja, karibu sana, maana mbali haoni.

"Wanangu," kasema, "mimi sikutafuta fundi. Nilitafuta mtu wa kunipeleka kliniki nisiogope njiani."

Mimi na Bwana Ratiba tulitazama vigae. Hata huko hapakuwa na pa kutazama.

Ufunguo kampa mke wangu. Mke wangu kaupokea kwa mikono miwili, kapiga goti kidogo, kisha wakakumbatiana wote wawili wakilia na kucheka. Viatu vya mama mkwe vimeacha nyayo za dhahabu mpaka mlangoni.

Jumatatu, 10 Machi

Tumesugua ua mimi na Bwana Ratiba. Tumeanza na unga wa mbao kunyonya oili, kisha sabuni, kisha maji ya moto. Mama mkwe kakaa kibarazani. Haoni vizuri, lakini kila nikipumzika anaita.

Fundi kapita. Habari zilimfikia, bila shaka. Kashikilia geti ili asianguke kwa kicheko. Kasema mmoja wetu anamwaga oili ingali nzuri, mwingine anainywesha injini sumu ya miaka na kuiita dawa, na kama tungekuwa mtu mmoja tungekuwa dereva mzuri sana. Kabla ya kuondoka kanikumbusha: filta ya zamani ikitoka, tafuta mpira wake. Usipouona mkononi, upo kwenye injini.

Nimemwomba Bwana Ratiba msamaha wa ile habari ya utu uzima wa oili. Kasema yamekwisha. Tumeshikana mikono, mikono ikateleza. Tumekuwa marafiki wa kweli mpaka adhuhuri, tulipogombania brashi ngumu.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu kampeleka mama yake kliniki. Wamerudi wanaimba. Daktari kasema kuna matone yatakayosaidia, na jicho la kulia bado lina safari, litaona miaka mingi. Mama mkwe alilala usingizi njia nzima ya kurudi. Kasema alisinzia kwa sababu hakuogopa.

Nimefurahi. Kweli kabisa, nimefurahi mpaka nikaenda nyuma ya nyumba kidogo.

Gari langu liko kwa fundi. Na sheria mpya imetangazwa hapa nyumbani: nisifungue boneti ya gari lolote, liwe langu au la mke wangu, mpaka nife. Nimekubali. Nimejifunza. Oili si jambo la kuchezea, na filta vilevile. Mtu mzima hukiri.

Ila leo dukani kaja mteja mmoja kununua pazia la bafuni, mtu mwenye busara, ana magari mawili. Kanieleza kwamba breki zikianza kupiga kelele, watu hukimbilia kuzibadilisha bure. Kumbe zinahitaji kupakwa kitu kidogo tu cha kulainisha, zinatulia.

Na gari la mke wangu asubuhi nimelisikia likilia kidogo pale getini.

Mke wangu kalala. Ufunguo uko mezani. Nimesoma ile sheria tena kichwani, neno kwa neno.

Breki hazimo ndani ya boneti.