Nusu Yangu ya Pensheni ya Loice

Ijumaa, 7 Machi 2014
Mimi nilizaliwa na nyota kali! Wanaume wengine wakitalikiana hutoka na begi la nguo. Mimi nimetoka na nusu ya pensheni ya Loice, nesi wa miaka mingi Nakuru, sasa yuko kliniki hapa ughaibuni, Al Sadd. Korti imeamuru. Umebaki mfuko wake wa pensheni kuidhinisha. Githinji, bawabu tunayeishi naye chumba kimoja Al Wukair, ameuliza, na pensheni yangu ya kiwanda cha chai je? Nikamwambia hiyo ni ya kumjengea mama nyumba, haiguswi. Wivu tu!

Jumanne, 11 Machi
Mfuko umekataa! Eti "nusu ya pensheni ya mke" haitoshi, amri haitaji jina la mfuko. Jamani, nusu ni nusu! Wakili anataka ada airekebishe. Ada ya nini, na kalamu ninayo?

Ijumaa, 14 Machi
Nimeandika mwenyewe. Mfuko wake nimeutaja. "Mke" nimelifuta, neno la jikoni. Nimeweka "wanandoa". Uzito huo! "Mafao yote ya wanandoa, popote yalipo, yagawanywe nusu kwa nusu." Hiyo popote ni ya kufukua alikoficha.

Jumapili, 16 Machi
Loice amesoma mara mbili. Akauliza, Baba Cheryl, una hakika na hili neno wanandoa? Nikamwambia ya korti aniachie mimi. Akatia sahihi huku akitabasamu. Nimempeleka kwake Al Wakrah na mtungi wake wa gesi, maana hana gari. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Asante hakuna!

Alhamisi, 10 Aprili
Korti imepitisha! Chumba kizima nimekinunulia biriani. Githinji amekula sahani mbili, msengenyaji yule.

Jumatatu, 5 Mei
Mfuko wa Loice umeidhinisha. Utalipa akistaafu. Ana miaka thelathini na minane! Kumbe amri ileile aliipeleka pia kwa mfuko wangu wa chai. Nao umeidhinisha. Mimi nilishastaafu kule, kwa hiyo nusu yake analipwa mwezi huu. Nyumba ya mama!

Nimempigia nikifoka. Akajibu kwa upole kwamba wanandoa ni wawili, Baba Cheryl. Wizi wa mchana! Githinji amecheka hadi akakaa sakafuni.

Hawanijui. Nimeshaanza kuandikia korti upya, bila wakili. "Wanandoa" nimelifuta. Nimeweka "familia nzima".

Na ile nyota, basi niseme ukweli: sina. Sijawahi kuwa nayo.