Dakika Arobaini kwa Wakwe

Kwa Mkuu wa Shule ya Kifaransa,
kupitia kwa Katibu wako anayesoma Kiswahili.

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

YAH: KUPANGWA DARASA LA KWANZA, PAMOJA NA MAMBO YALIYOFUATA

Natumaini barua hii inawakuta wewe, walimu na wapishi wa shule mkiwa wazima. Mimi sijambo kwa mwili. Kwa mengine, tafadhali endelea kusoma.

Kabla sijaanza, namwomba Katibu wako akutafsirie barua hii yote bila kuruka mstari. Nimeandika kurasa nne. Ukiletewa tafsiri ya nusu ukurasa, irudishe. Sababu ya ombi hili utaiona punde.

Mimi ni msomaji prufu mstaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye dawati la karibu na dirisha katika kiwanda cha kupiga chapa, nikisahihisha vitabu, kalenda na ratiba za mitihani kwa kalamu nyekundu kabla hazijachapwa. Binti yangu wa pekee, ambaye ni muuguzi, amechumbiwa na fundi wa lifti wa nchi yenu, kijana mpole anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Harusi ni baada ya miezi mitatu, huko kwenu, mwendo wa saa mbili kwa treni kutoka shuleni kwako. Baba wa bibi harusi atapewa nafasi ya kuzungumza. Baba huyo ni mimi, na wakwe zangu hawajui lugha yoyote ila Kifaransa.

Utauliza kwa nini nisitafute mkalimani. Nilikuwa naye. Miezi mitano iliyopita wakwe walikuja kwetu kutambulishana nasi. Nilisimama sebuleni, mbele ya kabati la vitabu, nikatoa hotuba ya dakika arobaini, kurasa kumi na nne, yenye utangulizi, sehemu tatu na hitimisho. Mkalimani alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, dereva wa lori mstaafu, ambaye watu wote humwita Spana isipokuwa mimi. Kifaransa alikiokota barabarani kwa miaka ishirini, kwenye vituo vya mpakani na chini ya magari mabovu. Aliniambia nimalize kwanza, atatafsiri kwa jumla. Nikamaliza. Akasimama, akajikuna shingo, akasema sentensi moja. Nakadiria ilichukua muda wa mtu kupiga chafya mara mbili. Wakwe wakapiga makofi. Mama wa kijana akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa changu cha meza. Mdogo wangu akaketi.

Nilimwinamia nikamuuliza zimekwenda wapi kurasa kumi na tatu na nusu. Akanijibu, "Kaka, Kifaransa ni lugha ya haraka. Wamekuelewa. Kaa, chai inapoa."

Tangu siku hiyo sijamuuliza alisema nini. Mtu wa umri wangu hamwombi mdogo wake amsimulie maneno yake mwenyewe. Badala yake niliomba nafasi ya wiki nne shuleni kwako, ili siku ya harusi niitoe hotuba ile ile kwa kinywa changu, yote, na wakwe wajue kwamba siku ile nilikuwa na la kusema. Nilidhani hilo ni jambo jepesi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Fomu. Fomu yenu inauliza sababu ya mwombaji kutaka kujifunza Kifaransa, kisha inampa nafasi ya kujibu yenye ukubwa wa kibiriti. Nilibandika karatasi ya ziada nikaeleza kwa ukurasa mmoja na nusu. Jibu la Katibu wako lilikuwa hili: "Asante Mzee, tumepokea. Tumeandika 'Familia'." Naomba kujua kama Katibu wako ana undugu na mdogo wangu. Katika fomu hiyo hiyo nilisahihisha makosa kumi na tisa ya Kiswahili. Sikuombwa kufanya hivyo, na wala sikushukuriwa.

2. Mtihani wa simu. Mwalimu wako, binti mwenye sauti ya furaha, alinipigia simu kupima kiwango changu. Mdogo wangu alikuwapo kwa kazi moja tu, kunishikia simu, maana sauti yake hukatika ikiwekwa mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku tisa. Jirani yetu mfamasia alikuwa ameniandikia utangulizi wa hotuba kwa Kifaransa, nami nilikuwa nimeukariri. Mwalimu aliuliza swali. Nikaanza utangulizi. Sijafika mkato wa kwanza, akauliza swali jingine. Nikaanza upya, kwa sababu aya haianzwi katikati. Akauliza tena. Nikaanza tena. Hapo mdogo wangu akaisogelea simu akasema jambo, mwalimu akacheka, naye akacheka, wakaendelea hivyo kwa dakika kumi, huku mimi nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nyumbani kwangu, kama mgonjwa anayejadiliwa na madaktari.

Baada ya juma moja zilifika barua mbili. Yangu ilisema Darasa la Kwanza, na pembeni ilikuwa na picha ya tufaha linalotabasamu. Yake ilisema Darasa la Nne, pamoja na pongezi. Mdogo wangu hakuwa ameomba nafasi, Mheshimiwa. Alikuwa ameshika simu. Sasa ameshaazima sanduku la safari, na sanduku lenyewe ni langu.

3. Ukubwa. Nimemtangulia mdogo wangu kuzaliwa kwa miaka sita. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Kijitabu chenu kinaonyesha kwamba Darasa la Nne husomea ghorofa ya juu, na Darasa la Kwanza chini, karibu na jiko. Maana yake atakuwa akitembea juu ya kichwa changu kwa wiki nne, na kwa kuwa namjua, atavaa viatu vizito. Napendekeza mimi nipelekwe Darasa la Nne na yeye Darasa la Kwanza. Harusi ikishapita mnaweza kuturudisha mnavyotaka. Mke wangu aliposikia pendekezo hili aliuliza, "Mzee, unakwenda kusoma au kukagua shule za watu?" Nalitaja swali lake kwa ajili ya uaminifu tu.

4. Masomo yenyewe. Katika wiki ya kwanza mnafundisha jina langu ni nani, natoka wapi na hiki ni kiti. Wakwe zangu wanalijua jina langu. Ninakotoka wanakujua, kwa kuwa walifika. Viti walivikalia. Naomba nianzie ukurasa wa tisa wa hotuba, panapoelezwa jinsi binti yangu alivyojifunza kusoma akiwa na miaka minne, chini ya meza ya chakula, kwa karatasi za prufu nilizokuwa nikirudi nazo nyumbani, na jinsi alivyotoka huko chini siku moja akanionyesha kosa nililokuwa nimelipita. Ni sehemu ngumu, nanyi mtahitaji mwalimu hodari. Nilipokuwa nikifanya mazoezi ya kuisoma kwa sauti, ilinibidi nisimame ninywe maji.

5. Kutumbukizwa. Kijitabu kinasema kwamba kwenu mwanafunzi hutumbukizwa katika Kifaransa kama mtu anayetumbukizwa majini: tangu kengele ya asubuhi haruhusiwi lugha nyingine, hata akijikwaa ngazini. Mheshimiwa, nimekuwa nikisema sentensi kamili tangu nikiwa na miaka miwili. Mnataka kwa wiki nne niwe mzee wa miaka sitini na tisa anayeelekeza kidole kwenye chumvi. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimepata njia. Ninyi ni walimu wa lugha, kwa hiyo mmezoea kujifunza lugha. Mimi sijazoea. Ni wazi basi kwamba ninyi walimu kumi na wawili mtajifunza Kiswahili haraka kuliko mimi mmoja nitakavyojifunza Kifaransa. Napendekeza shule nzima itumbukizwe katika Kiswahili kwa wiki nne hizo. Nitawafundisha mwenyewe, na kalamu nyekundu ninayo. Mkishaijua lugha, atakayekuwa wa kwanza darasani atakuja nami harusini kunitafsiria kurasa zote kumi na nne, na mdogo wangu atabaki shuleni akirudia mtihani wake, safari hii mbele ya mashahidi.

6. Mbwa. Mama atakayenikaribisha kwake, mshonaji wa mapazia, ameniandikia barua nzuri. Anasema chumba changu kinatazama bustani. Anasema pia kwamba atafurahi nikimtembeza mbwa wake kila jioni na kuzungumza naye Kifaransa, kwa sababu mbwa huyo ni msikivu na hamsahihishi mtu. Nimepata habari kwamba mbwa anaelewa kaa, njoo, acha na toka hapo. Hayo ni maneno manne ambayo mimi siyajui. Kwa vipimo vyenu, mbwa yuko Darasa la Pili. Sina ugomvi naye, ila naomba iandikwe mahali fulani katika kumbukumbu za shule ni nani hasa atakayekuwa anamtembeza mwenzake.

Nimeambatisha hotuba yangu, kurasa kumi na nne. Orodha ya makosa kumi na tisa ya fomu. Na picha moja ndogo, ambayo mpiga picha aliniambia nicheke kidogo na sikucheka.

Nitashukuru kupata majibu yako kwa urefu unaostahili. Wasalimie walimu wote, pamoja na yule binti wa simu, ambaye sina kinyongo naye. Msalimie mpishi, kwa kuwa tutakuwa majirani. Msalimie Katibu wako, nawe umwambie kwamba salamu hizi ni maneno mengi na ayatafsiri yote. Msalimie mama mshonaji. Mbwa naye asalimiwe, kwa lugha anayoielewa.

Ni mimi, mwombaji na mlalamikaji,
Msomaji Prufu Mstaafu

Tanbihi. Binti yangu alipita hapa leo akitoka kazini, bado amevaa sare, akaisoma barua hii kabla sijaifunga. Alicheka sana mpaka alipofika kwenye ile chai, kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, "Baba, kumbe mpaka leo hujui baba mdogo alisema nini? Mimi nilidhani alikwambia." Nikasema sijui. Yeye siku ile aliketi kando ya mchumba wake, na Kifaransa kidogo alichofundishwa na mchumba kilimtosha kuelewa. Anasema Spana alisimama akawaambia wakwe hivi: "Kaka yangu anampenda binti yake, na hajui ataishije nyumba ikiwa kimya."

Binti alipoondoka nimeitoa hotuba kwenye bahasha nikaisoma upya, kurasa zote kumi na nne, kalamu nyekundu mkononi. Sentensi hiyo haimo. Nimetafuta hata kwenye hitimisho. Katika miaka thelathini na mmoja ya kazi sijawahi kuachia upungufu mkubwa namna hiyo.

Kwa hiyo nayafuta malalamiko namba 1 hadi namba 5. Namba 6 libaki kwanza, mpaka nionane na mbwa mwenyewe. Darasa la Kwanza nimelikubali, pamoja na jiko. Spana akae ghorofa ya juu, na viatu avae anavyopenda. Hotuba sitaiambatisha tena, nimeirudisha kabatini. Naomba tu kujua sentensi ile kwenu hufundishwa siku gani. Nimemuuliza Spana, anasema ni ya wiki ya kwanza. Ikiwa ni ya siku ya kwanza, nitafika siku moja kabla.