Kila Nakala, Mti Mmoja

Mvua ilimkuta Bwana Hariri hana mwavuli, akajibanza kwenye kibanda cha fundi redio. Hazikupita dakika kumi akaiona riziki yake, tena imekaa pande mbili.

Upande wa nje, walimu wa shule ya chekechea walikuwa wakikomba matope kwa ndoo. Kila mvua iliponyesha, matope mekundu yaliteremka kutoka Mlima Kipara, yakaingia darasani bila hodi na kukalia viti vya watoto. Mlima wenyewe ulikuwa umekatwa miti yote, unang'aa kama jina lake. Upande wa ndani, kinyozi wa mtaa na mwuza magodoro walikuwa wamekunjana mashati, wanagombania nani atangulie kuimba kwenye maikrofoni ya fundi.

Nje huruma, ndani sifa. Bwana Hariri akameza mate. Na wewe unayesoma, usijifanye malaika: ungevikuta viwili hivyo mtaa mmoja, na kuamka mapema hukupendi, ungefanya nini?

Jina la Hariri alipewa kwa jinsi maneno yake yalivyoteleza. Aliwahi kumuuzia mzee mmoja kivuli cha ukuta wake mwenyewe, na mzee akamshukuru kwa kumpunguzia bei.

"Waungwana," alisema, akiwatenganisha kwa vidole viwili, "mnachaniana mashati kwa wimbo mmoja? Tutoe albamu! Sauti za mtaa mzima kwenye flashi moja. Tuiuze, tupande miti, tuokoe shule. Tutaiita *Kipara Kiote Nywele*."

"Nywele ziote?" Kinyozi aliachia kola ya mwenzake. "Hapo umenigusa. Wimbo wa kwanza wa nani?"

"Wako," Hariri alimnong'oneza sikio la kulia. Kisha akazunguka na kumnong'oneza mwuza magodoro: "Wako."

Kufika jioni alikuwa na waimbaji kumi na saba, wote wa kwanza.

Wa kumi na nane ndiye aliyekuja na miwani. Mama Nukta alikuwa mpiga chapa mstaafu wa ofisi ya ardhi, na miaka thelathini na moja hakuna barua iliyotoka mikononi mwake bila nukta. Nyumba yake ilipakana na shule. Matope yakishiba darasa, yeye ndiye aliyefuata, na msimu ule yalikwisha lamba kizingiti chake.

"Mwanangu, nitaimba," alisema. "Lakini tuandikiane."

"Mama yangu mzazi! Mimi na wewe, karatasi ya nini?"

"Hata mimi na marehemu mume wangu tuliandikiana. Sema, nichape."

Hariri alifunga macho kama mtu anayeomba dua. Akayatamka polepole, huku moyoni akichekelea: "Kwa kila nakala itakayouzwa, Bwana Hariri atapanda mti mmoja. Akimaliza, mfuko wote ni wake, kwa jasho lake."

Mama Nukta aliinua miwani, akamtazama. Akaishusha, akaitazama karatasi. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani akakitambua.

"Naongeza maneno machache: *mwenyewe, mbele ya mashahidi, wala hatagusa mfuko kabla*. Una neno?"

"Sina, mama."

"Jina lako Hariri, ila kazi ya kuhariri niliifanya mimi. Tia sahihi." Akagonga nukta. Mashine ikalia *ta!*

Albamu ilitoka, na kweli ilikuwa mbaya. Mwuza magodoro aliimba kama mtu aliyelaliwa na bidhaa yake. Waimbaji walipogundua kwamba wote ni wa kwanza, Hariri aliwatuliza: "Jamani, flashi haina mwanzo. Inaanza pale unapobonyeza." Wakaridhika. Kila mmoja alinunua nakala za ukoo mzima, kinyozi akanunua kumi na nne ili kila mteja asikilize kwa lazima. Zikauzwa nakala mia nne na kumi na mbili. Mfuko wa turubai ukanenepa, ukafungiwa shuleni kwenye kabati la chuma lenye mlango wa wavu.

Jumamosi moja asubuhi mtaa ulijaa uwanjani pa shule na majembe mabegani. Hariri akaja mikono mitupu, suti imepigwa pasi.

"Miche iko wapi?" aliuliza kinyozi.

"Miche? Nani alitaja miche?" Hariri alivua koti, akavua viatu, akausogelea mpera wa uwanjani, ndio mti pekee uliobaki pale chini ya mlima. Akajivuta hadi tawi la juu, akakaa, akaning'iniza miguu. "Someni mkataba! *Atapanda* mti. Haya, si nimepanda? Kuotesha sikusema, kuatika sikusema. Mfuko wangu!"

Majembe yalishuka mabegani. Fundi redio alianza kuokota jiwe.

"Weka chini," alisema Mama Nukta. Akaikunjua karatasi. "Kijana yuko sahihi. Amepanda. Mmoja."

"Eeh, mmo... mmoja?"

"Kila nakala, mti mmoja. Bado mia nne na kumi na moja."

"Nitaupanda huu huu! Nashuka, napanda, nashuka!"

"Huo umeshahesabiwa, baba."

Hariri alitazama kushoto: kipara. Akatazama kulia: kipara. Pale juu ya mpera aliona mbali kuliko wote, na hakuna alichoona.

"Sasa... nitapanda nini?"

"Hilo nami najiuliza," alisema mama. "Labda uanze kwa kuiotesha."

Angeweza kutoroka. Lakini kila akipita dirishani aliuona mfuko kabatini, mnene kama mtoto wa tajiri, na miguu ikagoma. Miche ikaletwa, hakuuliza na nani. Akachimba, akamwagilia, akafukuza mbuzi kwa matusi ya kuchapika na yasiyochapika. "Kua basi, mpenzi," aliubembeleza kila mche, "kua nikupande!" Mama Nukta alipitisha sheria: mti ukipinda mgongo kwa uzito wake, haujapandwa.

Ilichukua miaka saba. Mwaka wa tatu matope yalikoma kuingia darasani. Mwaka wa tano yalisahau njia ya kizingiti cha Mama Nukta. Mwaka wa saba, mbele ya mtaa mzima, Hariri mwenye magoti ya sugu alikwea mti wa mia nne na kumi na mbili, akapiga kelele: "Mfuko!"

Alikabidhiwa akiwa bado juu. Akaufungua. Ndani zilijaa karatasi chakavu zilizokosewa kuchapwa.

"Mama! Pesa ziko wapi?"

"Umezikalia. Miche ilitoka wapi, mbingu ilinyesha? Wewe hukuruhusiwa kugusa. Sisi hatukukatazwa."

"Lakini imeandikwa mfuko wote ni wangu!"

"Si huo hapo? Wote, na kamba yake."

Hariri alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani neno halikuteleza. Upepo ukapita, miti mia nne ikatikisika kama inayocheka.

"Mama yangu," alisema mwisho, sauti imelainika, "hatuwezi kulirekebisha hilo neno moja tu?"

"Umechelewa, mwanangu. Nilishaweka nukta."