Uthibitisho Uliokwama Ubaoni

Jumatatu, 4 Machi
Sijamwambia mtu: kitabu cha topolojia, hesabu za maumbo yanayogeuzwa, nakala pekee ya maktaba, nimekichana mimi. Ukurasa wa tisini umo ndani ya soksi yangu. Mwalimu wa hesabu ana nafasi moja ya chuo cha vipaji. Ijumaa ataipata atakayethibitisha kwamba mgeuzo unaokwenda na kurudi bila kukata kitu hauharibu utengano: kama kila nukta mbili zilikuwa na viwanja wazi, yaani visivyo na ukingo, visivyoingiliana, baada ya mgeuzo zitakuwa navyo bado. Nikikosa, mjomba ananichukua karakanani. Anatengeneza majeneza. Ameshanipima aproni, kwa futi ileile ya wateja. Kasema nina urefu wa kawaida.

Jumatano, 6 Machi
Pigo. Uthibitisho unaendelea ukurasa wa tisini na moja. Nao umo kitabuni, na mkutubi amekipeleka kushonwa upya. Kasema kuna mshenzi kakichana. Nikakubali kwamba ni mshenzi hasa. Nitamalizia kwa akili yangu. Kipanga, yule msichana wa dawati la mbele, hana hata hiyo nusu. Namhurumia.

Ijumaa, 8 Machi
Ubaoni nilianza vizuri. Nukta mbili za upande wa pili nikazirudisha upande wa kwanza, nikazipa viwanja, nikavivusha. Mwalimu akauliza nimejuaje kwamba vikivuka vinabaki wazi. Nikasema kwa sababu kwenda hakukati kitu. Akauliza, na kurudi je? Nikasema kurudi hakutuhusu. Akamwita Kipanga ubaoni.

Kipanga akaniomba kamba ya kiatu, kwa upole, akiniita kaka. Akaikunja duara, ncha kwa ncha. Akasema kwenda ni salama. Haya, irudishe iwe kamba. Duara likaachia pale ncha zilipogusana: kurudi kumekata. Akaeleza kuwa kurudi kusikokata ndiko kunakovibakiza viwanja wazi. Mistari minne tu. Nafasi ni yake. Nikarudi kitini kiatu kikiburuta.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi mjomba kaleta aproni. Inanikaa vizuri, bahati mbaya.

Mchana habari: chuo kimeongeza nafasi moja, swali jipya Jumatano. Nikaenda kwa kina Kipanga kumpongeza. Mama yake akaniita mwanangu, akanikaribisha kiti. Kipanga akasema nisikate tamaa, nilikosea hatua moja tu, atanifundisha mwenyewe kuanzia kesho. Akaingia ndani kuniletea maji.

Kosa langu nimeliona: nilichukua nusu. Daftari lake lilikuwa mezani. Nikalitia ndani ya shati, lote, nikamuaga mama yake, nikaenda nyumbani.