Ombi la Nyumba Yangu Kutambuliwa kuwa Nchi ya Nje

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Mimi ni mfugaji mdogo wa kuku, naishi nyumba ya mwisho kabla ya uzio wa bomba la gesi. Juzi nilikusikia kwenye redio ya betri ukisema kwamba dunia ina njaa ya nishati, kwamba njaa hiyo inaongezeka kila mwaka, na kwamba nchi yetu haitamwangusha mteja hata mmoja kwa kuwa sisi ni wasambazaji waungwana. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Kisha nikatafuta kalamu, na kwa heshima zote naeleza yafuatayo.

1. Bomba hilo linapita hatua nne tu kutoka ukuta wangu wa jikoni. Ukilitegea sikio unaisikia gesi ikienda zake bandarini. Kwangu umeme umekatika, leo siku ya tatu. Binti wa huduma kwa wateja alinieleza kwa sauti tamu kwamba mtambo wa kufua umeme umepungukiwa gesi, kwa sababu meli mbili zilikuwa zinasubiri kujazwa, na meli haisubirishwi. Sikukasirika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nauliza tu mwenyeji apone lini, maana mgeni ameshakuja, amejaza na ameondoka.

2. Nina kiangulio chenye mayai mia moja na ishirini, yamebakiza siku nane yatotolewe. Yakipoa, yamekufa, na mimi sina kazi nyingine. Basi tumegawana. Tuko watu wanane nyumbani, kila mmoja ana mayai kumi na matano chini ya blanketi. Mama mkwe wangu, ambaye hata chumvi mezani namwomba kupitia mke wangu, nimelazimika kumwomba aatamie. Nilitamani ardhi inimeze. Amekubali, ila hacheki, hakohoi, na ametoa tamko kwamba binti yake alikuwa na wachumba wengine. Shemeji yangu alijigeuza usingizini, tukapoteza manne.

3. Nilikwenda tawi la shirika la umeme kuonana na afisa. Akaniambia wateja wa nje wana mikataba, na wakicheleweshewa hata siku moja nchi inaaibika. Nikaomba mkataba kama huo. Alicheka hadi akashika meza, akasema, "Mzee wangu, hiyo ni ya nchi, siyo ya mtu na kuku wake." Hapo akili yangu ikafunguka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba nyumba yangu itambuliwe kuwa nchi ya nje. Mpaka ninao, wa mabati. Raia ni wanane. Jeshi ni mbwa mmoja, ingawa uaminifu wake mbele ya mtu mwenye mfupa unatia shaka. Mambo ya nje anashika mke wangu, aliyewahi kumaliza ugomvi wa mfereji na jirani wa kushoto bila mtu kumwagiwa maji. Mahitaji yetu ya nishati nayo yanapanda kama ya dunia: mwaka jana balbu moja, mwaka huu balbu na kiangulio. Siku ya kutia saini nitavaa koti, na nitakushika mkono kwa muda wote watakaotaka wapiga picha.

4. Ikiwa utambuzi utachelewa, basi mayai yangu yapakiwe kwenye meli ijayo. Yaifuate gesi huko iendako, yatotolewe kwa umeme wake, kisha yaturudie yakiwa kuku wa kigeni waliogandishwa, ambao tumeshazoea kuwapokea kwa furaha.

Nisalimie nyumbani kwako wote, katibu wako, dereva wako, na manahodha wa meli za gesi. Waambie wasiharakishe kwa ajili yangu.

Wako katika kuatamia,
Mfugaji wa Nyumba ya Mwisho

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimemulika mayai ya mama mkwe kwa tochi. Yote kumi na matano yana uhai, yanachezacheza! Kumbe mama ana joto la ajabu. Habari zimeruka ukuta, na tangu asubuhi jirani mwenye bata, mwalimu mstaafu na fundi baiskeli wameniletea mayai yao. Sikuweza kuwakatalia. Walinisifu sana, wakasema nyumba hii ndiyo tegemeo la mtaa mzima, nami nikawaahidi. Sasa mama mkwe amejaa mayai ya watu, na ya kwetu nimeyashusha sakafuni kwa muda, nimeyafunika gunia. Mke wangu ameuliza kulikoni. Nimemwambia awe na subira, ahadi kwa watu wa nje haivunjwi. Amesimama mlangoni, anangoja niendelee. Ombi langu nimeliondoa, Mheshimiwa. Nakuomba tu uniandikie haraka, ninyi mkishasema "subira", huwa mnaendelea kusema nini?