Milimao Miwili ya Bwana

Jumatatu, 2 Februari 1953
Bwana, Mzungu wetu mpenda vipepeo, ametuita mimi dobi na Beda mpishi. Kila mtu kakabidhiwa mche wa mlimao ndani ya debe. Eti majani yana viwavi wachanga. Atakayelea kiwavi mpaka awe kipepeo ndiye atakayefuatana naye safari ya Mwazye baada ya Pasaka. Mwazye! Mchumba wangu Emerensiana yuko huko, sijamwona tangu Noeli. Beda hana mtu Mwazye. Anataka kutembea tu.

Jumanne, 3 Februari
Nimekagua majani. Hakuna kiwavi hata mmoja. Mavi ya ndege matupu. Nimechukua kitambaa na sabuni, nikafuta jani moja moja mpaka yakang'aa. Bwana akaja, akatazama. Akasema yale mavi ndiyo viwavi. Wakiwa wachanga hujifanya mavi ili ndege wasiwale. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hakujua kuna watu wanaofua miti. Beda alicheka mpaka akaunguza mchuzi. Amebaki mmoja, chini ya jani nililolisahau. Nimemwita Shida.

Ijumaa, 20 Februari
Shida amevua ngozi, kisha akaila. Sasa ni wa kijani, mnene kama kidole. Nikimgusa anachomoa pembe mbili zenye harufu ya machungwa yaliyooza. Nampenda. Lakini Beda anao sita. Adhuhuri, Beda akimenya vitunguu, nimebadilisha madebe. Jioni kalalamika kwamba ndege wamemlia watano. Nimempa pole.

Jumapili, 1 Machi
Baada ya misa nimepita jikoni kumjulia hali Shida. Nilipita jana pia, na juzi. Beda anadhani namfuata yeye, ananimiminia chai. Shida hali majani tena. Amejifunga uzi kiunoni, kajishikiza kwenye kijiti, kageuka kama jani lililojikunja. Roho imeniuma kumwacha kwa mtu. Sita wangu nao wamejifunga. Hata majina sijawapa.

Ijumaa, 20 Machi
Magamba waliyojifungia sita wangu yametoboka yote. Wametoka nyigu wadogo, kundi zima. Bwana anasema nyigu mama aliwatagia mayai tumboni tangu zamani. Yaani tangu wakiwa wa Beda, na siwezi kusema. Nimeuliza kama nyigu wanahesabika. Hawahesabiki.
Jikoni Shida katoka. Mweusi, madoa ya njano, mabawa yamejikunja kama nguo niliyoikamua, kisha yakanyooka yenyewe bila pasi. Nililia. Beda naye alilia, akasingizia vitunguu.

Jumanne, 7 Aprili
Wameondoka kwenda Mwazye. Beda kabeba barua yangu na sabuni ya kunukia ya Emerensiana. Kaahidi kumwambia kwamba mimi ni mtu wa maana. Ana moyo mzuri Beda, nitamkumbuka wiki hizi mbili.
Bwana kaniachia debe jipya, kasema nimwagilie maji tu. Nimelitazama. Majani yamejaa mavi ya ndege. Safari hii ni ndege kweli, njiwa alikuwa juu ya paa tangu asubuhi. Nimeyafuta yote. Bwana akirudi atafurahi.